Je, wajua? Mawese huganda kwenye chupa, lakini hayagandi kwenye mishipa

Asubuhi ya baridi mjini Kigoma, chupa ya mawese hukutwa imegawanyika: chini pameganda rangi ya machungwa, juu mafuta mekundu. Kwa kuona hivyo, wengi huamini moyo nao huugua kwa njia hiyo, yaani mafuta ya mboga yameingia kwenye damu, yakaganda na kuziba njia. Ndiyo maana mtu hushauriwa kunywa maji ya moto baada ya kula, ati yayayeyushe.

Haiwezekani. Mawese huwa yameyeyuka yote karibu na nyuzi joto 35, na mwili wetu una 37. Maji ya moto nayo hupoa upesi tumboni, wala hayafiki kwenye mishipa yakiwa moto. Lakini hoja kubwa si joto. Mafuta ya ng'ombe huhitaji joto zaidi ya la mwili ili yayeyuke, na hayo pia hayagandi ndani ya damu, kwa sababu hakuna mafuta yanayosafiri humo yakiwa matupu. Karibu yote hufungwa kwenye chembe zenye ganda lenye protini, ziitwazo lipoprotini.

Zifikirie kama mitumbwi ya mizigo ziwani. Ile iitwayo LDL hubeba kolesteroli, na ini ndilo gati lake kuu la kushushia. Gati zikiwa nyingi, mitumbwi haikai sana majini. Zikipungua, inazagaa, na mingine hupenya kwenye matete ya ufukweni ikanasa. Matete hayo ni ukuta wa mshipa wenyewe, chini ya utando wake wa ndani. Mzigo ulionasa huanza kuharibika. Seli za kinga huja kuusafisha, huumeza hadi zinajaa mafuta na kushindwa kutoka, kisha huita nyingine. Hapo ndipo uvimbe unapoanza, na huweza kuendelea miaka mingi bila mtu kuhisi chochote.

Kwa hiyo ugonjwa unakua ndani ya ukuta. Mara nyingi shambulio la moyo hutokea pale uvimbe uliokuwa haujabana sana njia unapopasuka, na damu ikaganda juu yake. Kinachoganda ni damu.

Je, mawese hayana lawama? Yanayo. Karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopunguza vipokezi vya LDL kwenye ini, zile gati zetu. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua vipokezi hivyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Kwamba kinga inashiriki kweli, jaribio lililotangazwa mwaka 2017 lilitoa ushahidi mzuri. Wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo walishiriki. Dawa ya kanakinumabu, inayotuliza mwitikio wa kinga unaoleta uvimbe bila kugusa LDL, ilipunguza matukio mapya ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 15. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na idadi ya vifo vyote haikupungua kwa uhakika.

HDL, lipoprotini nyingine inayosifiwa kuwa kolesteroli nzuri, inahitaji tahadhari zaidi. Dawa ya torsetrapibu iliipandisha sana, lakini mwaka 2006 jaribio lake lilisimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikufa zaidi. Mwenye HDL ya juu na LDL ya juu asidhani ya kwanza inafuta ya pili.