Glutamati si uchafu wa mgongo

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, siku hizi humalizi kupatana bei ya dagaa kabla spika ya muuza vidonge haijakutangazia kwamba mgongo unauma kwa sababu "glutamati imejaa kwenye uti", na kopo moja litaisafisha yote. Nilidhani ni maneno ya biashara tu. Sasa nayasikia kwa wapagazi, kwa vijana wa bodaboda, hata ndani ya daladala za Igoma, tena kwa uhakika kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Glutamati ni kemikali ambayo seli moja ya neva huimwaga ili kuiamsha seli inayofuata. Ukiungua kidole, neva ya kidole hufikisha taarifa kwenye upande wa nyuma wa neva kuu iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Hapo humwaga glutamati, seli ya pili huamka na kuipandisha taarifa ubongoni. Mwaka 1959 watafiti Curtis, Phillis na Watkins, wakifanya kazi Canberra, Australia, walionyesha kwamba seli za uti wa mgongo zikipewa glutamati husisimka.

Kujaa, basi, kunatoka wapi? Ikishamwagwa, seli za jirani huifyonza upesi mno, ili njia iwe wazi kwa taarifa nyingine. Halafu si mali ya maumivu peke yake. Kemikali hiyo hiyo ndiyo inayopeleka taarifa ya khanga inayogusa bega, na ubongoni inatumika unapojifunza jambo na kulikumbuka. Ukiiondoa yote hupati mtu asiyeumwa, unapata maiti.

Na wanaoongeza kwamba tuache viungo vya kukolezea mchuzi kwa ajili ya mgongo, eti kwa kuwa vina glutamati, sijui watakula nini. Glutamati imo kwenye nyanya, kwenye protini ya sato na ya maharage, imo hata kwenye maziwa ya mama. Ile ya chakula, sehemu kubwa huchomwa na seli za utumbo kama nishati. Ile ya uti wa mgongo neva hujitengenezea zenyewe.

Tatizo, pale linapokuwepo, mara nyingi liko kwa seli inayopokea. Seli hiyo ina vipokezi, yaani milango inayofunguliwa na glutamati, vya aina zaidi ya moja. Vya aina iitwayo AMPA hujibu papo hapo. Vya aina iitwayo NMDA, seli ikiwa imetulia, vimezibwa na magnesiamu kama chupa yenye kizibo. Taarifa ikija mara moja, kizibo hakitikisiki sana. Ikija mfululizo kutoka kwenye jeraha, kizibo hutoka, kalsiamu huingia, na seli hubadilika: glutamati ileile sasa inaleta kishindo kikubwa zaidi. Ndiyo maana aliyeunguzwa mkono na karabai huumia hata ukimgusa pembeni ya kidonda, kwenye ngozi ambayo moto haukuifikia. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwa panya kwamba baada ya jeraha mabadiliko hutokea ndani ya uti wa mgongo wenyewe, si kwenye ngozi peke yake.

Ketamini, dawa ya usingizi inayojulikana sana hospitalini kwetu, hufanya kazi hasa kwenye vipokezi hivyo vya NMDA. Inaziba tundu la kipokezi. Haifagii glutamati yoyote, na hutolewa na mtaalamu anayemwangalia mgonjwa, maana inaweza kumfanya aone mambo yasiyokuwepo.

Kwa hiyo jirani akikwambia glutamati imempanda, usimcheke, maumivu yake ni ya kweli. Mwambie tu kwamba glutamati inapeleka taarifa, na huenda seli zinazoipokea zimekuwa nyepesi mno kushtuka. Kisha muulize mgongo umeanza lini na kama miguu inakufa ganzi, kwa sababu hilo la ganzi linahitaji daktari, si kopo.