Buer wa vitabuni na Buer wa kwenye gemu: yule mtoto wa Genshin ndo yuko karibu na ukweli

Ukimtafuta mtandaoni Buer, shetani anayetajwa kwenye vitabu vya zamani vya Ulaya vya kuita mashetani, cha kwanza kutokea ni ile picha, kichwa cha simba kimezungukwa na miguu mitano ya mbuzi, na kuanzia hapo watu washaamua ndo alivyo tangu enzi za Nabii Suleiman, halafu wakimuona Nahida wa gemu ya Genshin Impact aliyepewa jina hilo hilo, katoto kadogo ka kike nywele nyeupe, wanasema gemu imemharibu shetani wa watu. Mi naona ni kinyume kabisa, na inaniuma kuona hii habari inavyorudiwa kila siku bila mtu kufungua kitabu.

Tuanze na picha, maana hapo ndo uongo mwingi umelala. Sio ya kale. Aliichora Mfaransa Louis Le Breton, mchoraji wa meli na bahari, mtu aliyewahi kufika mpaka Antaktika na msafara wa mpelelezi wa bahari Dumont d'Urville, na ilitoka kwenye toleo la 1863 la kamusi ya mashetani ya Collin de Plancy, ile Dictionnaire infernal iliyoanza kuchapwa 1818. Na hata maandishi ya kamusi yenyewe yanasema tu Buer ana umbo la nyota au gurudumu la matawi matano na anatembea kwa kujibiringisha. Simba hayumo, mbuzi hayumo, hivyo kaongeza mchoraji.

Sasa rudi nyuma miaka 286, mwaka 1577, kwa daktari Johann Weyer aliyekuwa akimtibu mtawala wa Cleves, huko Ujerumani. Yeye aliambatisha orodha ya mashetani kwenye kitabu chake na Buer kapata mistari michache tu: ni rais mkubwa, anafundisha falsafa, maadili na mantiki, anajua nguvu za mitishamba, anaponya wagonjwa, hasa binadamu, na ana majeshi 50 chini yake. Basi. Sura haielezwi, inasemwa tu anaonekana katika alama fulani, na vitabu vya kuita mashetani vya karne ya 17 ndo vikaja kutaja nyota ya Mshale. Yaani huyu wa mwanzo ni mwalimu na tabibu, sio mnyama wa kukutafuna.

Kuna wanaodhani Weyer alikuwa mchawi anawafundisha wenzake. Hapana jamani. Huyu alikuwa anapinga wanawake kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi, alisema wengi wao ni wagonjwa wanaohitaji daktari, na orodha aliitoa ili watu waone upuuzi wa hao waita mashetani.

Na Nabii Suleiman je? Sisi tuliokua tukisimuliwa alivyotumikiwa na majini ni rahisi kuamini kwamba hivi vitabu vya kuita mashetani vina mkono wake kwa sababu jina lake lipo juu ya jalada, lakini angalia tu vyeo humo ndani, marais, makabaila, malodi, hiyo ni Ulaya tupu ya karne za mfumo wa kikabaila, wala sio Yerusalemu ya kale.

Turudi kwenye gemu. Castlevania: Aria of Sorrow ya 2003 na Bloodstained ya 2019 zote zilimchukua Buer wa Le Breton, kichwa cha simba na moto, wewe unamkata kwa upanga na kuendelea na safari, na sio vibaya, ni adui mzuri kupigana naye, ila hiyo ni picha ya 1863. Nahida alipokuja kwenye Genshin mwaka 2022 jina lake la kiungu ni Buer, ni mungu wa hekima, nguvu yake ni ya mimea, na nchi yake Sumeru inaendeshwa na wanazuoni waliomfungia yeye mwenyewe miaka kama 500. Falsafa ipo, mitishamba ipo. Uponyaji ndo wengi hawauoni kwa sababu kwenye mapigano hatibu mtu, lakini aliyemaliza stori ya Sumeru anakumbuka Eleazar, ule ugonjwa unaotoa magamba mwilini na kuua hisia, uliokuwa unammaliza taratibu Collei, msichana mmoja wa kwenye hiyo stori. Nahida na msafiri, yaani mhusika unayemchezea, wanausafisha mti wa Irminsul na ugonjwa unatoweka, Collei anapona. Hapo mi naona walioandika stori walisoma ile mistari ya Weyer, siamini kama imetokea kwa bahati.

Wala sio Buer peke yake. Focalors, shetani mwingine, kwenye vitabu hivyo ana nguvu juu ya upepo na bahari, anazamisha watu na kupindua meli za vita, na Genshin wakampa jina hilo mungu wa maji. Shetani Morax anajua mawe ya thamani, jina lake wakampa mungu wa miamba.

Mwisho, kuna wanaosema kwamba ukicheza hii gemu unamwita shetani bila kujua. Gemu imechukua jina na tabia, hakuna azima wala duara la kuchora, na kwenye vitabu vyenyewe jina peke yake halikuwahi kutosha, kulikuwa na mihuri, maombi marefu na masharti kibao.