Jamani, balozi hana funguo za jela

Simu nyingi nazopokea ni za ndugu wa mtu kakamatwa Muscat au Dubai, na kabla hata ya salamu nishaambiwa, "si balozi ampigie tu waziri wao, atolewe?"

Hakuna kitu kama hicho. Balozi kule ni mgeni. Rais akishamteua, jina linapelekwa kwanza nchi mwenyeji walikubali au walikatae, na akishafika akiwachefua wanatangaza hatakiwi, sababu si lazima waseme, anafungasha anarudi. Sasa huyo ataiamrisha vipi mahakama ya watu? Ubalozi unachoweza, kwa mkataba wa Vienna wa 1963, ni kumtuma afisa konsula, yule anayeshughulikia raia wake walioko huko, aje kukuona mahabusu, aongee na wewe, akusaidie kupata wakili. Na hapo ndo watu wanapojimaliza, maana polisi wanatakiwa wakuambie una haki ubalozi wako ujulishwe, ila mpaka wewe uombe. Wengi wanaona aibu wananyamaza, ubalozi unakuja kusikia kesi ishaisha. Omba siku ileile, kabla hujasaini karatasi usiyoweza kuisoma! Na ukifika nchi ya watu jiandikishe ubalozini, nakala ya pasipoti muachie mama nyumbani, nimeimba hili mpaka koo limekauka.

Eti ukivuka geti la ubalozi umetua Tanzania. Wapi, ardhi ni yao, ila polisi wao hawaingii bila ruhusa ya balozi. Mtoto akizaliwa kwenye kochi la mapokezi, kochi halimpi uraia.

Kinga ya mwanadiplomasia kutoshtakiwa nayo si ya mtu, ni ya serikali iliyomtuma. 1997 mwanadiplomasia wa Georgia, Gueorgui Makharadze, alisababisha ajali Washington akafa binti wa miaka 16, Georgia wenyewe wakamvua kinga, akafungwa hukohuko Marekani.

Halafu wale wa "ubalozi ni kiinua mgongo cha wanasiasa waliochoka". Wapo, sibishi. Ila Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri 1964 ana miaka 22, mwaka uliofuata India, kuanzia 1970 yuko New York Umoja wa Mataifa miaka kumi, na sehemu kubwa ya muda huo ndo mwenyekiti wa kamati ya kuondoa ukoloni, Msumbiji na Zimbabwe bado zinapigania uhuru. Hao waliochoka wangeomba uhamisho wiki ya kwanza.