Je, wajua kwa nini mji wa Siwa uliyeyuka kwa mvua?

Mwaka 1926 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo huko Siwa, oasisi iliyojitenga magharibi mwa Misri, kama kilomita 50 tu kutoka mpaka wa Libya. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, mvua ya siku tatu ni masika ya kawaida: unaanua nguo, unatega ndoo panapovuja, siku zinakwenda. Siwa ilipoteza mji. Ngome ya Shali, iliyokaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700, ililowa, ikalegea, kuta zikaanza kuporomoka moja baada ya nyingine, na wenyeji wakateremka kilimani kwenda kujenga upya chini. Ukifika leo utaikuta bado imesimama katikati ya mji, kilima cha magofu ya rangi ya udongo, pembe zake zimelika na kuviringika.

Sababu yake ni fupi: nyumba zile zilijengwa kwa chumvi.

Ila jibu hilo linazaa swali kubwa zaidi. Ni nani mwenye akili timamu anayejenga nyumba ya chumvi, na kwa nini imsitiri kwa karne saba? Hapo inabidi tuanze na ardhi yenyewe.

Siwa iko ndani ya bonde, takriban mita 18 chini ya usawa wa bahari. Kusini yake ni Bahari Kuu ya Mchanga, vilima vya mchanga vinavyoenda mamia ya kilomita bila nyumba wala kisima. Chini ya eneo hilo lote kuna hazina kubwa ya maji iliyofungwa ndani ya miamba, ambayo Misri inaigawana na Libya, Sudan na Chad. Ni maji ya mvua zilizonyesha maelfu ya miaka iliyopita, enzi ambazo Sahara ilikuwa na nyasi na wanyama. Kwa kuwa Siwa iko chini sana, maji hayo hupanda yenyewe kwa msukumo kupitia nyufa za miamba. Zipo chemchemi zaidi ya 200, nyingine zimejengewa kingo za mawe za mviringo, na ukichungulia unaona mapovu yakipanda kutoka chini.

Maji hayo humwagilia mitende na mizeituni, na yanayobaki huteremkia kwenye maziwa ya bondeni. Yakishafika huko, safari imekwisha. Hakuna mto wa kuyatoa, hakuna bahari ya kuyapokea, kwa sababu bahari yenyewe iko juu kuliko bonde. Jua la Sahara huyanyonya, mvuke unapanda, na chumvi kidogo iliyokuwa ndani ya maji inabaki. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka: ufuko wa ziwa unakuwa ganda gumu jeupe unaloweza kulikata kwa shoka.

Wasiwa walilikata. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walichimba matumbawe, wakachoma chokaa na kukata boriti za mikoko. Wasiwa nao walitumia kilichokuwa mbele ya mlango wao. Mawe ya chumvi, yasiyo na umbo maalumu, hupangwa kwa udongo uliokandwa kwa maji, na mchanganyiko huo huitwa karshifu. Ujanja wake uko kwenye udongo. Ukiwa bado mbichi, huyeyusha kidogo uso wa jiwe la chumvi. Ukikauka, chumvi ile hugandamana upya katikati ya jiwe na udongo, hata ukuta mzima unakuwa kipande kimoja. Ndiyo maana kuta za zamani ni nene chini na zinapungua kadiri zinavyopanda, nazo hazina mstari ulionyooka. Paa hubebwa na magogo ya mitende, na mbao za mzeituni hutumika kwenye milango. Ukisogea karibu na ukuta wa namna hiyo jua likiwa upande, utaona unametameta kama uliopakwa sukari. Pitisha kidole, kisha kilambe: chumvi tupu.

Kwa hali ya hewa ya hapo, ni jengo la kuhusudiwa. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, ilhali ndani ya karshifu unapumua. Majira ya baridi, usiku wa jangwani unapouma, ukuta huo huo unarudisha joto uliloshika mchana. Mvua? Siwa hupata wastani wa milimita 10 hivi kwa mwaka mzima, na mwaka mwingine hata hiyo haionekani. Fundi aliyejenga kwa chumvi hakuwa mjinga hata kidogo. Alipiga hesabu, na kwa karne nyingi hesabu ikakubali.

Mji wenyewe ulikuwa na umbo la woga. Kwa mujibu wa hati ya kale inayotunzwa na ukoo mmoja wa Siwa, Shali ilianzishwa mwaka 1203 na wanaume kama arobaini tu, masalia ya jamii iliyochoshwa na uvamizi wa watu wa jangwani. Walichagua kilima, wakakizungushia ukuta, na kila mtoto wa kiume alipooa, familia iliongeza ghorofa juu badala ya kutoka nje. Vichochoro vikafunikwa na vyumba, kukawa na giza mchana kweupe. Vijana wa kulima mashamba walilala nje ya kuta. Wakati Muhammad Ali, mtawala wa Misri, anatuma jeshi kuishika Siwa mwaka 1820, mji huo ulikuwa umejitawala kwa muda mrefu sana chini ya wazee wake.

Na hapo ndipo tunapopata sababu ya jambo jingine linalowashangaza wageni: hawa Wamisri si Waarabu kwa asili. Ni Waamazigh, ambao wengi tunawajua kwa jina la Waberberi, watu wa asili wa Afrika Kaskazini walioenea hadi Moroko na Bahari ya Atlantiki. Siwa ndiyo ncha yao ya mashariki kabisa. Nyumbani watoto hujifunza Kisiwi, lugha ya jamii ya Kiberberi. Kiarabu huja na shule, msikiti na televisheni. Kutoka bonde la Mto Nile hadi Siwa ni mamia ya kilomita za jangwa, na msafara wa ngamia kutoka pwani ya Marsa Matruh ulichukua wiki nzima au zaidi. Barabara ya lami ya kilomita 300 ilikamilika miaka ya 1980 tu. Lugha ndogo ikizungukwa na mchanga kiasi hicho, hupati mtu wa kuimeza.

Kujitenga, hata hivyo, hakukuleta amani ndani ya ukuta. Watu wa mashariki ya mji na wale wa magharibi walipigana vizazi kwa vizazi, kila upande na koo zake, mara nyingi kwa mambo madogo ya maji na mipaka. Suluhu inayosimuliwa hadi leo ni sikukuu ya Siyaha, inayofanyika kila mwaka karibu na mwezi mpevu wa Oktoba, tende zikiwa zimevunwa. Wanaume na watoto hukusanyika kwenye kilima cha Dakrur kwa siku tatu. Mikate hukatwakatwa, hurundikwa kwenye sinia na kumwagiwa mchuzi, juu yake nyama, na hakuna anayegusa mpaka ishara itolewe. Hapo tajiri na maskini, wa mashariki na wa magharibi, wote hutia mkono pamoja. Usiku ni dhikri. Wanaoiongoza ni wafuasi wa Madaniyya, tawi la twariqa ya Shadhuli. Msomaji wa Kilwa au wa Ngazija atakuwa ameshatabasamu, kwa sababu Shadhuli ya kwao, ile ya tawi la Yashrutiyya, ilitoka kwa mwanafunzi wa sheikh wa Madaniyya. Jangwa la Libya na Kilwa Pande wamo kwenye silsila moja, jambo ambalo vitabu vya utalii havilitaji kabisa.

Kabla ya yote hayo Siwa ilikuwa maarufu kwa uaguzi. Kwenye mwamba wa Aghurmi kuna hekalu la mungu Amun, lililojengwa karne ya 6 KK enzi za Farao Amasis, na Wagiriki walilihesabu miongoni mwa mahali pakuu pa kuulizia mambo yajayo. Alexander Mkuu alikwenda huko mwaka 331 KK, akapita pwani hadi Marsa Matruh ya leo kisha akakata kusini kuingia jangwani. Kuhani alimpokea kama mwana wa mungu, na alichouliza faraghani hakukitangaza. Waandishi wa kale wanasema msafara wake ulikaribia kufa kwa kiu njiani, ukaokolewa na mvua. Mvua hiyo hiyo! Hekalu lenyewe ni la mawe, kwa hiyo lipo bado, limepasuka hapa na pale. Nyumba za karshifu zilizolizunguka zimekuwa vifusi.

Mgiriki Herodotus naye aliacha kitendawili. Aliandika kwamba katika nchi ya Waamoni, yaani watu wa Siwa ya mungu Amun, kuna chemchemi ambayo maji yake ni ya vuguvugu alfajiri, ya baridi adhuhuri, na usiku wa manane yanachemka. Siwa wanakuonyesha Ain Juba, ambayo wenye hoteli huiita Bafu la Kleopatra ingawa hakuna ushahidi kuwa malkia huyo aliwahi kuoga hapo. Ukitia mguu mchana wa jua kali, maji yanakuburudisha. Ukirudi usiku wa Januari yanakupa joto. Maji hayajabadilika. Yanatoka chini ardhini yakiwa na joto karibu lile lile saa zote; ni hewa ya jangwani ndiyo inayopanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, na ngozi yako inapima tofauti. Hayo ya kuchemka tumwachie mwenyewe Herodotus.

Turudi kwenye ile mvua. Mimi sikubaliani sana na wanaosema siku tatu za mwaka 1926 zilimaliza kila kitu. Nyumba ya karshifu haifi kwa mvua moja ikiwa ina mwenyewe: kila inapolika huzibwa kwa udongo wa chumvi, na ukuta unashikana upya. Shali ilikufa kwa sababu watu hawakurudi. Uvamizi ulikuwa umekwisha, hapakuwa na haja ya kupanda ngazi za giza na mtungi kichwani, na tambarare ilikuwa na nafasi. Paa likishaanguka na hakuna wa kulirudisha, kila manyunyu yanapata njia ya kuingia ndani. Mwaka 2020 sehemu ya ngome ilifunguliwa tena baada ya ukarabati uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliofanywa kwa karshifu ile ile, ila watu wengi wa Siwa sasa hujenga kwa matofali. Ni haraka na hayaogopi mvua. Kiangazi kikifika wanawasha feni.

Chumvi nayo imegeuka. Miaka ya 1980 na 1990 visima vilichimbwa kiholela, kila mwenye shamba akitaka chake, na maji yakamwagika usiku na mchana. Maziwa yakapanda, maji ya chumvi yakapenya kwenye mizizi, na mitende ya kingo zake ikakauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Ni balaa la ajabu: shamba la jangwani linakufa kwa kuzidiwa na maji. Serikali ya Misri imefunga visima vingi na kuchimba mfereji wa kupeleka maji ya ziada kwenye bonde jingine upande wa mashariki. Wakati huo huo makampuni yanachimba chumvi ya Siwa na kuiuza Ulaya, ambako humwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Mashimo ya uchimbaji huo ndiyo yanayoonekana kwenye picha za mitandaoni: mabwawa marefu ya maji ya samawati kati ya kingo nyeupe. Chumvi ni nyingi mno hata huwezi kuzama. Unalala juu ya maji kama gogo. Usifumbue macho ndani ya maji, na kama ulinyoa siku hiyo utajuta. Vaa kandambili, maana kingo zake zinakata, kisha ukajisuuze kwenye chemchemi ya maji baridi kabla ngozi haijakauka.

Kwa anayetaka kwenda, miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi. Mabasi ya kutoka Cairo na Marsa Matruh yapo, na safari ya kutoka Cairo inakula siku au usiku mzima. Ndani ya mji baiskeli inatosha. Kuingia kwenye mchanga kunahitaji kibali na dereva wa huko, na kwa jangwa lile msibishane naye. Vaeni nguo za heshima. Wanawake walioolewa hutoka wakiwa wamejifunika vazi la bluu lenye nakshi liitwalo tarfottet, wengi wakiwa wamekaa nyuma ya mkokoteni wa punda, na kuwapiga picha ni mwiko. Nunueni tende za aina ya siwi sokoni asubuhi, na mkialikwa chai, jueni glasi ya kwanza ni kali na zinazofuata zina sukari zaidi.