Kipadi kinatoa namba za ajabu? Usiseme kimeungua kwanza

Wakuu, huku Kigoma mwisho wa reli ukiagiza kifaa Kariakoo unakaa unasubiri basi, ndo maana inaniuma nikiona mtu katupa kipadi (keypad, kile kibao cha vitufe vya namba) kizima. Juzi dogo mmoja wa Ujiji kaja kibandani kwangu Mwanga na vipadi viwili vya vitufe 16, vile vyembamba vya kubandika, anatengeneza kufuli ya namba kwa ajili ya stoo ya mawese ya mama yake, yani akibonyeza 2 inatoka 4, akibonyeza 3 inatoka 7. Akaona kimeungua, akaagiza kingine, nacho vilevile. "Fundi, wameniuzia feki mbili."

"Kimeungua." Hii ndo dhana namba moja na karibu mara zote siyo kweli. Kipadi hakina kitu cha kuungua kirahisi jamani, ndani hamna chipu, hamna akili yoyote, ni swichi 16 zilizopangwa mistari minne ya kulala na minne ya kusimama, ukibonyeza kitufe mstari mmoja wa kulala unagusana na mmoja wa kusimama, basi. Akili yote iko kwenye maikrokontrola, ile chipu inayoendesha programu yako.

Nikamwambia dogo bonyeza 1. Ikatoka 1. Bonyeza 5, ikatoka 5. 9 sawa, D sawa. Hapo nikacheka, maana hizo nne zimekaa kwenye mshazari mmoja kuanzia kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, na kama hizo tu ndo ziko sawa na nyingine zote zimebadilishana, 2 na 4, 3 na 7, 6 na 8, basi mistari ya kulala umeichomeka mahali pa mistari ya kusimama. Tukabadilisha orodha mbili za pini (miguu ya maikrokontrola inayochomekwa waya) kwenye kodi, yani maelekezo ya programu (siyo ile ya TRA), dakika mbili, vipadi vyote viwili vikawa vizima. Akanyamaza kidogo akihesabu hela ya basi.

Na kuna ya kufanana nayo: ukibonyeza 1 ikatoka D, ukibonyeza D ikatoka 1, ila A inabaki A na 6 inabaki 6, hapo soketi umeichomeka kinyumenyume, igeuze tu. Mstari mzima ukifa, mfano 4, 5, 6 na B zote kimya, ni waya mmoja, mara nyingi jampa (waya mfupi wa kuchomeka) iliyolegea kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa majaribio. Andika kwenye karatasi kila kitufe na kinachotoka, ile picha yenyewe itakuambia kosa liko wapi kabla hujashika kitu.

"Kipadi lazima kipewe volti 5." Watu wanatafuta waya wa umeme kati ya zile waya nane za kipadi, moja kwa kila mstari, mpaka wanachoka. Haupo. Nane zote zinaenda kwenye pini za kawaida za maikrokontrola.

"Kinajibonyeza chenyewe, kina pepo." Hakijibonyezi. Pini ya kusoma ikiachwa hewani bila rezista (kifaa kidogo cha kuzuia umeme) ya kuivuta juu inasoma chochote, hata ukipitisha mkono karibu. Kwenye Arduino Uno, bodi ya maikrokontrola wanayoanza nayo wengi, chipu ina pulapu ya ndani (ndo hiyo rezista ya kuvuta juu), kati ya kilo-omu 20 na 50, na laibrari ya Keypad, yani kodi iliyoandikwa tayari ya kusoma vipadi, inaiwasha yenyewe, kwa hiyo wengi hawaijui hii kadhia mpaka siku wanahamia ESP32, maikrokontrola nyingine, wanachomeka mistari yao kwenye pini 34 mpaka 39, ambazo ni za kusoma tu na pulapu ya ndani hazina kabisa. Hamisha pini au weka rezista zako za nje. Na kwenye Uno hiyohiyo epuka pini 0 na 1, hizo zinatumika kuongea na kompyuta.

"Nabonyeza 5 inatoka 53, kodi imeharibika." Hapana kaka, kitufe kinaleta herufi, na herufi '5' kwenye ASCII (orodha inayoipa kila herufi namba yake) ni 53, we umeihifadhi kama namba. Kwenye kodi fanya hesabu ya kutoa, hiyo herufi ukitoa herufi '0' utapata 5 yako.

Halafu kuna wale wa "kipadi kizito, mpaka ubonyeze mara tatu". Nikifungua kodi nakuta kuna delei (amri ya kusubiri) ya sekunde 5 ya kushikilia mlango wazi, sasa muda huo wote maikrokontrola imelala, nani asikilize vitufe? Tumia millis, inahesabu muda bila kusimamisha programu. Dogo naye alikuwa nayo hii.

Vitufe vitatu kwa pamoja ni kweli vinadanganya, shika 1, 2 na 4 utaona na 5 imejitokeza, umeme unazunguka kupitia njia za wenzake. Dawa ni dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) kwa kila kitufe, ila kwa kufuli ya stoo usihangaike, nani anaandika namba ya siri kwa vidole vitatu?

Ukitaka uhakika kabla ya kuagiza kingine, chomoa kipadi, weka mita ya umeme kwenye omu, yani kupima ukinzani, usitegemee ile ya kulia bip maana vya plastiki vina ukinzani wake na mita inaweza isilie ukadhani ni kibovu. Gusa waya mbili, mmoja wa mstari wa kulala na mmoja wa kusimama, bonyeza kitufe chake, angalia namba inashuka. Vitufe 16, dakika kumi.

Mama yake dogo alikuwa na wasiwasi wa mikono ya mawese. Juu pale ni plastiki tu, anafuta na kitambaa. Kipadi cha pili kaniachia mimi, kiko ukutani kibandani, anayetaka kujifunzia aje.