Mbwa wa aina ndogo aliyekomaa bado anaweza kumzoea mlezi mpya

Wengi wanaotaka kumchukua mbwa wa aina ndogo kutoka kituo cha kuokoa wanyama huomba mtoto wa mbwa, kwa kuamini kwamba mbwa aliyekwisha kukomaa hawezi tena kumzoea mlezi mpya. Imani hiyo haina msingi. Ni kweli kwamba majuma ya 3 hadi 14 hivi ya maisha ya mbwa ndiyo yanayomjengea wepesi wa kuzoea watu na mazingira, lakini kumpenda na kumwamini mtu fulani ni jambo jingine, nalo huwezekana maishani mwake mote. Mbwa wa aina ndogo, kama Chihuahua, mara nyingi huishi zaidi ya miaka 12, kwa hiyo mwenye miaka 6 si mzee hata kidogo.

Kinachowapotosha watu ni siku za mwanzo. Mbwa aliyehamishwa huweza kujificha chini ya kiti, kukataa chakula, hata kukojoa ndani ingawa alikwisha kufunzwa, na mlezi akaamua kwamba ameharibika. Kumbe ni hofu, ambayo kwa kawaida hupungua kadiri ratiba ya kula na kutembea inavyotulia, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Kumnyanyua kila anapojikunyata, kosa ambalo udogo wake hutushawishi kulitenda, humnyima nafasi ya kusogea kwa hiari yake. La kuangaliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni meno: ugonjwa wa fizi huwapata sana mbwa wadogo, na maumivu ya kinywa huweza kudhaniwa kuwa ukali wa tabia, hivyo inafaa daktari wa mifugo amkague mapema.