Bodriye si kila kitu yenye inapita ku bega

Mara ya tatu sasa. Siku ya posho yenye ilipita tulikuwa ku ndoa ya serikali hapa komine ya Kadutu, mu Bukavu, protokole anashika mikro anasema "burgumestre amevaa bodriye yake." Bodriye! Ile kitambaa ya rangi ya drapo? Ile ni esharpi, ndugu, haibebe kitu, hata kisu ya kukatia nyanya.

Bodriye ni mukaba ya kubebea upanga, njo hivyo tu. Inatoka ku bega ya kuume, inakata kifua, inashuka mpaka ku kiuno ya kushoto, na kule chini njo ala ya upanga inaning'inia, bega inabeba uzito, suruali inabaki mahali yake.

Sasa neno yenyewe. Bafaransa banasema baudrier, na bajuzi ba maneno bengi banaiunganisha na balteus ya Baroma, na Varro, Muroma mwenye alipenda kuchimba maneno, alisema ata Baroma baliikopa kwa Baetruski, majirani yao ba zamani. Baroma balikuwa pia na cingulum, ile ya kiuno, na ata mu Waefeso 6:14 Paulo anasema "viunoni," hakusema mabegani. Unaona batu ba zamani balivyotofautisha? Sisi leo tunachanganya yote. Fundi wa antene ukimuambia bodriye anakuletea mikaba yake ya kupandia pilone, na ule sigombane naye, juu yake angalau inabeba muntu.

Esharpi iko na kazi ingine kabisa. Mu ile vita ya Ulaya ya 1618 mpaka 1648, wakati maaskari bengi habakuwa na iniforme, bale ba mufalme mukubwa wa Wajerumani balikuwa banafunga kitambaa nyekundu, Bafaransa nyeupe, ili basiuwane bo kwa bo. Kitambaa inasema uko wa nani. Na usiniletee Bajapani, najua katana, upanga yao, inachomekwa mu obi, makali ikiangalia juu, lakini obi inazunguka kiuno, bega haiingie mule.

Basi protokole wangu, siku ingine sema tu esharpi. Na kama burgumestre atafika siku moja na upanga inaning'inia ku ile kitambaa, unibipe, nitashuka mbio kukuomba musamaha.